Gitaa lililolewa ubeti wa pili: uzi wa pichi bendi na kontrola kwa sisi tunaotengeneza midi

#1 KinandaChaSae

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe, na wengine wote habari za saa hizi.

Huu uzi nimekuwa nao kifuani tangu Pasaka. Sikuandika kwa sababu ya aibu, ila juzi kuna dogo kanifuata na tatizo lile lile, nikaona bora nilimwage hapa kila mtu achukue.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Mbeya. Chumbani kwangu Sae nina kameza kenye kompyuta ya mtumba, programu ya Reaper na Yamaha moja ya miaka mingi. Natengeneza midi za nyimbo za kwaya, yaani faili za amri zinazokiambia kinanda kipige nini: ngoma, besi, stringi (sauti za fidla), gitaa la solo, kila kitu, halafu Jumapili kinanda kinasoma kutoka kwenye flashi na mimi napiga juu yake. Pasaka tulialikwa Iringa. Wenyeji wakasema msihangaike kubeba kinanda, huku kipo kizuri kuliko chenu, njooni na flashi tu. Aliyewahi kupakata kinanda kwenye basi kutoka Mbeya mpaka Iringa anajua nilivyofurahi.

Ubeti wa kwanza ukaenda kama maji. Mwisho wa ubeti nilikuwa nimeweka gitaa linavuta waya kutoka chini kupanda, kale kamlio ka "nyiiu" ambako watu hupenda. Kakalia. Ubeti wa pili ukaingia, gitaa liko chini. Lingekuwa chini nusu toni nzima, mtu angesema kakosea noti. Hili lilikuwa chini robo toni. Waliosimama karibu na spika wakalifuata gitaa, waliosimama karibu na ampu ya besi wakafuata besi, na katikati yao kuna mstari wa akina dada wa alto waliokuwa wanatafuta pa kushika. Mwalimu wa kwaya akanigeukia, mimi nimeshika kinanda lakini kosa liko kwenye flashi, nitafanya nini? Nikapunguza sauti ya solo tukasogea hivyo hivyo. Kibwagizo kilipoingia, gitaa likapona lenyewe. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Usiku gesti nikafungua kompyuta. Badala ya kuangalia noti kwenye piano roli (dirisha la kuchora noti), nikafungua orodha ya matukio, ile inayoonyesha kila amri kwa namba. Baa ya mwisho ya ubeti wa kwanza, chaneli ya gitaa, nikakuta hivi (pichi bendi ni amri ya kupinda sauti juu au chini):

pichi bendi -4096
noti inaanza
pichi bendi -3072
pichi bendi -2048

Halafu basi. Inayofuata ni noti ya kwanza ya ubeti wa pili. Zile mbili za mwisho, -1024 na 0, hazipo. Nilikumbuka nilipokata: niliona mkia wa ile noti umevuka mstari wa baa, nikaukata ili maungio yawe safi, na mkia ulipoondoka ukaondoka na amri za kurudisha sauti mahali pake. Kinanda kiliambiwa "shuka 2048", hakikuambiwa "rudi". Kikatii. Ubeti wa pili gitaa halikuwa na mpindo wowote wa kulirekebisha, mpaka kibwagizo, ambako mpindo wa kwanza ulimalizikia 0. Ndiyo maana likapona.

Mtauliza, nyumbani sikusikia? Sikusikia. Wiki ile umeme ulikuwa unakatika kila jioni, nikawa nasikiliza vipande: ubeti wa kwanza, nasimamisha, ubeti wa pili naanzia pale pale. Programu ikisimama inarudisha pichi bendi katikati. Ukianzia ubeti wa pili unaanza safi. Kosa linasikika tu ukipiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na hicho ndicho kitu ambacho sikufanya hata mara moja.

Nakuja na mahesabu yake. Ngoja nikinge maji kwanza.

#2 Mlandege Boy

Naweka kambi hapa.

#3 Dada wa Kihesa

Mkuu nilikuwepo ibada ile 😂😂. Sisi tulidhani ndio mtindo wenu wa Mbeya. Kuna mzee alisema "hawa wana sauti za zamani".

#4 KinandaChaSae

Dada wa Kihesa umenimaliza. Ndaga kwa kunitunzia siri mpaka leo.

Tuendelee. Kitu cha kwanza ambacho sikufundishwa na mtu: noti ina mwanzo na mwisho, ukiifuta imekwisha. Pichi bendi na kontrola (amri za volyumu, pedali na kadhalika) hazina mwisho. Ni kama swichi ya taa: ukiiwasha ukatoka chumbani, inabaki imewaka mpaka atokee wa kuizima. Ukikata noti, sauti inabaki imepinda pale amri ya mwisho ilipoiacha. Ukinakili noti, usipochagua na matukio yake ya chini, mpindo unabaki kule ulikotoka.

Cha pili ni namba. Kontrola za kawaida zinatembea kuanzia 0 mpaka 127. Pichi bendi waliipa baiti mbili za thamani, ikawa na hatua 16,384, kwa sababu sikio linakamata ngazi za sauti haraka sana. Programu nyingine zinaandika 0 hadi 16383 na katikati ni 8192, nyingine zinaandika kuanzia -8192 hadi 8191 na katikati ni 0, nyingine asilimia. Ni kitu kile kile, usibabaike.

Upana, yaani mpindo unaweza kufika wapi mwisho wake, kwa kawaida kwa ala nyingi ni nusu toni mbili juu na mbili chini. Kwa upana huo:

8192 ni toni nzima
4096 ni nusu toni
2048 ni robo toni, yaani mkosi wangu wa Pasaka

Ukiwa na hizo kichwani, ukiona orodha ya matukio unasoma kama bei sokoni.

#5 Mwana wa Tukuyu

Mkuu shikamoo. Mimi ndio yule dogo wa juzi, nimefurahi umefungua uzi. Mimi natumia programu ya FL Studio. Shida yangu ni kinyume na yako: nilichora mpindo wa toni moja kwenye midi niliyopewa na mtu, kwenye kinanda chake ulikuwa mzuri, nilipoiweka kwenye plagini (programu ya ziada ya sauti) ya gitaa niliyoipakua, gitaa likapiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia. Likapanda oktevu nzima! Mpindo ule ule, faili lile lile. Nimejaribu kupunguza kwa mkono, kila mpindo nauchora upya, nimechoka.

#6 KinandaChaSae

Marahaba dogo. Acha kuchora upya, utazeeka bure.

Faili halisemi "panda toni moja". Linasema "panda mpaka mwisho wa upana wako". Kinanda cha yule jamaa upana wake ni nusu toni 2, plagini yako imewekwa 12. Mwisho wa 2 ni toni, mwisho wa 12 ni oktevu. Na ikigeuka ni mbaya vile vile, ila ya kimya kimya: ukichora toni moja kwenye plagini ya upana wa 12 unapata kama 1365 hivi. Ipeleke kwenye kinanda cha upana wa 2, inatoka theluthi moja ya nusu toni. Haisikiki kama mpindo, inasikika kama kinanda kibovu.

Kwenye FL angalia vitu viwili: kisanduku cha upana kilicho pembeni ya kitufe cha pichi cha ile chaneli, na mpangilio wa upana ndani ya plagini yenyewe. Namba hizo mbili lazima zifanane. Zikipishana, unachokiona kwenye skrini siyo unachokisikia. Halafu zile noti za kuteleza za FL, zile zenye kialama cha pembetatu, zinafanya kazi kwenye ala zake za ndani. Plagini ya kutoka nje haizijui, kwa hiyo usipoteze jioni nzima.

Kwa wanaopeleka faili kwenye kinanda kama mimi, usiache upana kwa bahati. Uandike ndani ya faili. Baa ya kwanza iache tupu, na humo weka kwa mfuatano huu kwenye kila chaneli yenye mipindo (CC ni kontrola, ikifuatwa na namba yake):

CC 101 thamani 0
CC 100 thamani 0
CC 6 thamani 2
CC 38 thamani 0
CC 101 thamani 127
CC 100 thamani 127

Mbili za kwanza zinafungua mlango wa "upana wa mpindo", ya tatu inaweka nusu toni ngapi, ya nne ni senti za ziada (sehemu za mia za nusu toni), mbili za mwisho zinafunga mlango. Watu wengi wanasahau kufunga. Mlango ukibaki wazi, siku ukitumia CC 6 kwa jambo jingine, upana wako unabadilika bila taarifa. Na usizirundike zote kwenye tiki moja (tiki ni kipande kidogo sana cha pigo), kuna programu zitavuruga mpangilio. Zipishanishe tiki chache chache.

#7 Besi ya Ipogolo

Wakuu naomba niingie kwa heshima, ila mkuu wa Sae nina ugomvi na hilo gitaa lako.

Mimi napiga besi na solo kidogo miaka mingi. Nimesikia midi nyingi za makanisani huku Iringa na karibu zote zina kosa moja: gitaa la solo linapanda kama king'ora. Mnachora mteremko laini kila mahali. Mpiga solo wa sebene au kwaya zetu mara nyingi havuti waya, anateleza. Kidole kiko freti ya tano, kinakwenda ya saba, na katikati kinapita juu ya chuma cha freti. Chuma hicho hakina huruma, sauti inapanda kwa ngazi: ya tano, ya sita, ya saba. Hakuna kitu katikati. Mteremko laini ni wa mtu anayevuta waya, au besi isiyo na freti, au tromboni, au koo la binadamu.

Kwa hiyo kuteleza kwa freti mbili kwenye upana wa 2 ni namba tatu tu: -8192, -4096, 0. Basi. Mlichojaza katikati ndicho kinachofanya watu waseme "hii ni kompyuta".

#8 KinandaChaSae

Besi ya Ipogolo, nimenyoosha mikono. Nimerudi sasa hivi kwenye ule wimbo, nikafuta mteremko wa intro nikaweka ngazi tatu. Dah. Nimekaa nikausikiliza mara sita kama mjinga. Lile "nyiiu" la mwisho nimeliacha laini kwa sababu pale kweli nilitaka kuvuta waya.

Programu ya Cubase kuanzia toleo la 11 ina kitu cha kunasa mpindo kwenye nusu toni, ukichora unapanda kwa ngazi wenyewe. Sisi wa Reaper tukibofya tukio tunaweza kulichagulia umbo: mraba, yaani linakaa hapo mpaka tukio linalofuata, au mstari ulionyooka, au mkunjo. Maumbo haya yalikuja na toleo la 6. Kwa freti chagua mraba. Kwa kuvuta waya chagua mkunjo unaoanza polepole, kwa sababu kidole nacho huanza polepole.

Na kwa kuwa mkuu kataja, niongeze la mtetemo. Gitaa likitetemeshwa kwa kuvuta waya, sauti inapanda juu ya noti na kurudi kwenye noti. Haiwezi kushuka chini yake, maana waya haulegei kwa kuvutwa. Kwa hiyo wimbi lako litembee kati ya 0 na labda 800, ambayo ni kama moja ya tano ya nusu toni. Stringi na sauti ya mtu ndizo zinayumba pande zote mbili za noti. Wengi tunachukua wimbi moja tunalibandika kwa ala zote, halafu tunashangaa gitaa linasikika kama limelowa. Kasi, mizunguko mitano au sita kwa sekunde inatosha. Na usianze kutetemesha noti inapoanza tu. Mtu huishika kwanza, kisha ndio anaitikisa.

#9 Mlandege Boy

Swali la kijinga mkuu. Mpindo unauanza wapi hasa? Mimi nikiweka pamoja na noti nasikia "chwi" mwanzoni.

#10 KinandaChaSae

Siyo la kijinga, hilo lilinitesa mwaka mzima.

Ukiweka noti na mpindo kwenye tiki ile ile, wakati mwingine noti inatangulia. Sikio linasikia noti safi kwa kufumba na kufumbua, halafu inaanguka -4096, halafu inapanda. Hiyo ndiyo "chwi" yako. Mpindo wa kuanzia utangulie, tiki kumi hivi kabla ya noti. Angalia mfano wangu wa #1, -4096 iko juu ya "noti inaanza".

Ila ukitanguliza, noti ya nyuma yake kama bado inalia itashuka nayo, hata kama ni ule mwangwi wa mwisho tu. Kwa hiyo ifupishe ya nyuma kidogo upate pengo, mpindo uingie kwenye pengo. Mpigaji halisi naye ana pengo hapo, anahamisha mkono.

Mimi siku hizi kila mpindo nautengeneza kama kifurushi chenye vitu vitatu: pa kuanzia kabla ya noti, safari yenyewe, na 0 ya mwisho. Nikinakili, nanakili kifurushi kizima. Nikikata, nahakikisha 0 imebaki upande wangu. Na mwanzo wa kila ubeti na kila kibwagizo naweka 0 kwenye chaneli zote zenye mipindo, hata kama haihitajiki. Haigharimu kitu.

#11 Prof wa Biti

Vijana mnahangaika na teknolojia ya mabibi. Siku hizi unaandika tu maneno, akili mnemba inakutolea wimbo mzima na gitaa lake. Midi imekufa.

#12 Besi ya Ipogolo

Prof, hiyo akili mnemba itakuja Jumapili mwalimu wa kwaya akisema "leo tuimbe chini nusu toni, mama Fulani ana mafua"? Midi unabonyeza kitufe kimoja.

#13 KinandaChaSae

Kizamani kweli, sikatai. Januari 1983 kule Marekani waliunganisha vinanda viwili, Prophet-600 na Roland Jupiter-6, kwenye maonyesho ya NAMM, kampuni mbili tofauti, kinanda kimoja kikapiga kingine, na lugha ni hii hii tunayohangaika nayo. Hata kasi ya waya wa pini tano ni ile ile, biti 31,250 kwa sekunde.

Na kasi hiyo ina uhusiano na uzi huu, asante Prof kwa kunikumbusha. Amri moja ya pichi bendi ikiandikwa kamili ni baiti tatu, na kila baiti inasafiri na biti kumi. Yaani waya unapitisha amri kama elfu moja na arobaini kwa sekunde, ngoma na besi na kila kitu humo humo. Sasa wewe uko Reaper, tiki 960 kwa pigo, mwendo wa 100. Hapo ni tiki 1,600 kwa sekunde. Ukichora mpindo kwa mkono na programu ikaweka tukio kila tiki, gitaa peke yake limejaza barabara na bado linadai nyongeza. Ngoma zinaanza kuchelewa, watu wanamlaumu mpiga ngoma ambaye hayupo. Punguza: tukio moja kila tiki kumi linakupa 160 kwa sekunde na hakuna sikio litakalojua. Wanaotumia waya wa USB hawabanwi hivyo, lakini faili likienda kwenye kinanda cha zamani uzito utauona.

#14 Mwalimu Mstaafu Mafinga

Wanangu hamjambo. Mimi siyo mtu wa kompyuta, mjukuu ndiye ananifungulia. Nina swali moja. Marehemu baba yangu alipiga ligombo, ala yetu ya nyuzi, na ninataka huyu mjukuu aweke sauti ile kwenye kinanda ili watoto wa shule waisikie. Amerekodi kila waya. Lakini akipiga kwa vitufe vya kinanda haiwi ligombo. Inakuwa kama kinanda kinachoigiza. Tatizo ni nini?

#15 KinandaChaSae

Shikamoo Mwalimu.

Kinanda kinazigawa sauti sawasawa, nusu toni kumi na mbili zinazolingana. Baba alikaza nyuzi zake kwa sikio lake, na sikio lake halikuwa na deni kwa kinanda. Baadhi ya nyuzi zitakuwa juu kidogo ya kitufe, nyingine chini kidogo. Mjukuu asizilazimishe.

Afanye hivi: kila waya aupe chaneli yake, na mwanzoni mwa kila chaneli aweke pichi bendi moja tu isiyosogea. Waya ukiwa chini ya kitufe kwa robo ya nusu toni, anaweka -1024 akaacha hapo wimbo mzima. Kila waya ulioko chaneli yake utapata namba yake. Sababu ya kutenganisha ni kwamba pichi bendi haimchagui mtu, inapinda noti zote zilizomo kwenye chaneli. Waya mbili chaneli moja, zitapanda na kushuka pamoja kama ng'ombe waliofungwa nira.

Chaneli ziko 16, aruke ya 10 kwa sababu vinanda vingi vinaitumia kwa ngoma.

Na asisahihishe sana, Mwalimu. Azipime zile rekodi alizonazo, aandike namba zinazotoka.

#16 Besi ya Ipogolo

Hilo la chaneli ndilo linalokwamisha pia gitaa likipigwa nyuzi mbili kwa pamoja. Mpigaji halisi, waya mmoja unavutwa, wa pili umetulia. Kwenye chaneli moja haiwezekani, zote zinavutwa. Gawa chaneli mbili, sauti ile ile ya gitaa kwenye zote. Kuna mfumo wa MPE, ulipitishwa 2018, unaoipa kila noti chaneli yake bila wewe kuhangaika, ila kinanda chako lazima kiujue. Cha kwetu kanisani hakijui.

#17 Mwalimu Mstaafu Mafinga

Nimeelewa, nira nimeielewa. Mjukuu ameandika kwenye daftari. Asanteni sana.

#18 KinandaChaSae

Kabla sijalala, neno moja la kontrola nyingine, kwa sababu uzi umeliwa na pichi bendi.

Stringi za kwaya zinatakiwa zivimbe na kunywea na pumzi ya waimbaji. Wengi mnachora hiyo kwenye CC 7. Msifanye. CC 7 ni volyumu, iwekeni mwanzo mara moja kwa ajili ya kupanga nani asikike zaidi ya nani. Kuvimba kwa ndani ya wimbo kuchorwe kwenye CC 11, ekspresheni. Fundi wa mitambo akikwambia stringi zimezidi, unashusha CC 7 moja tu na mawimbi yako yote yanabaki salama. Ukichora yote kwenye CC 7, kila ukishusha kuna sehemu inaruka tena juu.

Na ukitaka kupunguza mawimbi yenyewe, usiyavute yote chini kwa pamoja. Nilifanya hivyo kwenye wimbo mmoja: nilikuwa na 30, 60, 110. Nikatoa 40 kwa zote, ikawa 0, 20, 70. Mwanzo wa sentensi ukafa kabisa, stringi zikawa zinatokea katikati ya neno. Punguza kwa sehemu. Asilimia 70 ya zile zile ni 21, 42, 77. Umbo linabaki, ukali ndio unashuka. Kwenye FL ni Alt na X pale kwenye piano roli, kila programu ina pake.

#19 Mzalendo wa Linux

Nimechelewa, niko Njombe na baridi hii vidole havifanyi kazi. Kwa sisi tusiolipia programu, kuna Rosegarden kwenye Linux, ni ya bure. Ina dirisha la kuingiza mfuatano wa pichi bendi: unachagua kipande, unaiambia ianzie wapi, ipinde kwa muda gani, iishie wapi, mtetemo uanze na ukubwa gani na umalize na ukubwa gani, kasi ngapi kwa sekunde. Inaandika matukio yote yenyewe. Kuna na mitindo iliyotengenezwa tayari. Dirisha hilo hilo linafanya kazi na kontrola nyingine, kwa hiyo kuvimba kwa CC 11 unakupata kwa kujaza namba badala ya kuchora kwa panya anayeteleza.

#20 Mlandege Boy

Mkuu wa Njombe umenipa sababu ya kufufua ile kompyuta ya zamani iliyokuwa inazuia mlango.

#21 Mwana wa Tukuyu

Mrejesho wakuu. Upana nimeweka 2 kila mahali, yowe limekwisha. Ngazi za freti nimeweka, mama yangu kapita akauliza "nani anapiga gitaa humo ndani", nimefurahi mpaka nimetoka nje. Nimeweka na 0 mwanzo wa kila ubeti.

Ila kimezuka kingine. Piano, kuanzia kibwagizo cha pili, noti zote zinaendelea kulia, zinapandana mpaka inakuwa ukungu mtupu kama wa asubuhi hapa kwetu. Pichi bendi iko 0, nimeangalia.

#22 KinandaChaSae

Ulikata mahali kwenye maungio ya kibwagizo, sivyo?

#23 Mwana wa Tukuyu

Nilikata mkia wa noti moja tu mkuu. Ulikuwa umevuka mstari.

#24 KinandaChaSae

😂 Tafuta CC 64, hiyo ni pedali. Kuanzia 64 kwenda juu imekanyagwa, 63 kushuka imeachiwa. Utakuta 127 na hakuna 0 baada yake. Weka 0 pale ulipokata.

Ikigoma nitumie faili, ila subiri kidogo, huku umeme umekatika tena na kompyuta imebaki na asilimia kumi na moja.